Mkihamia Briar, nenosiri liende daftarini
Wanakikundi wa korosho Newala mnaotaka kuhamia Briar, programu ya kutumiana ujumbe, andikeni nenosiri kwenye daftari kabla ya yote. Akaunti inakaa ndani ya simu tu, hakuna seva. Ukilisahau, unaanza upya na watu wote unawaongeza tena. Kwa simu, ni ya Android pekee.

Mkiwa pamoja, kila mmoja askani msimbo wa QR wa mwenzake. Kisha iondoeni Briar kwenye mpangilio wa kuokoa chaji, maana simu huizima kimyakimya nanyi mkadhani mtandao mbovu.

Ujumbe hufika simu zote mbili zikiwa hewani. Mwenzenu aliyeko baharini Msangamkuu kazima? Subirini. Au wekeni Briar Mailbox, programu ya kuwatunzia ujumbe hadi mhusika awe hewani, kwenye simu kuukuu, iachwe kwenye chaji na intaneti.