Kutengeneza silinda za loda ya trekta zinazovuja mafuta

Silinda ya loda ya mbele, yaani ile mikono yenye ndoo mbele ya trekta, inapoanza kuvuja, wengi hukimbilia dukani kununua sili mpya (pete inayozuia mafuta yasipite) kabla ya kujiuliza ile ya zamani imeharibiwa na nini. Katika karakana tunayofanyia kazi huku Karatu, ambako matrekta ya mashambani hushinda yakipakia samadi na mchanga ndani ya vumbi jekundu, niliwahi kuletewa silinda iliyokuwa imebadilishwa sili mara tatu katika msimu mmoja, na kila mara ilirudi kuvuja baada ya siku chache, kwa sababu shafti yake, ile fimbo ya chuma inayotoka na kuingia, ilikuwa imepinda kiasi kidogo kisichoonekana kwa kutazama tu. Ndiyo maana katika maelezo haya nimeutanguliza uchunguzi, na kazi ya kufungua nimeiweka nyuma yake.

Teremsha mikono ya loda mpaka ndoo ikae bapa juu ya ardhi ngumu, zima injini, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu, kisha sukuma wenzo wa loda pande zote mara kadhaa ili shinikizo lililobaki kwenye hosi paipu litoke. Usiingie kamwe chini ya mikono iliyoinuliwa ambayo imeshikiliwa na mafuta peke yake. Mfumo wa haidroliki wa trekta nyingi hufanya kazi kwa shinikizo la bari 150 hadi 200 hivi, na mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano. Kwa hiyo tafuta mvujo kwa kupitisha kipande cha boksi, si kwa kiganja. Mtu akichomwa na mafuta hayo, hata kama jeraha linaonekana dogo na haliumi, apelekwe hospitali saa ileile na daktari aelezwe kwamba mafuta yameingia chini ya ngozi, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kumgharimu kidole au mkono.

Sasa safisha silinda yote kwa dizeli kidogo na kitambaa, uifute ikauke, kisha uifanyishe kazi kwa dakika chache na uangalie mafuta yanaanzia wapi. Mara nyingi kinacholaumiwa kuwa ni sili huwa ni nati ya hosi paipu iliyolegea au mpira uliopasuka karibu na kiungo. Mafuta yakitokea pale shafti inapoingia kwenye glandi, yaani kile kifuniko cha mbele cha silinda, tatizo ni sili ya shafti au shafti yenyewe.

Jambo linalowapoteza mafundi wengi ni mikono inayoshuka yenyewe bila tone kuonekana nje. Wengi husema hapohapo kwamba sili za pistoni, yaani kichwa cha shafti kilicho ndani ya silinda, zimekwisha. Lakini silinda ya kuinua ikiwa imejaa mafuta pande zote mbili, na vali inayofungua na kufunga njia ya mafuta ikiwa imefunga barabara, shafti haiwezi kuingia ndani bila kupata nafasi ya kukaa, na mafuta hayabanwi yakapungua. Hata pistoni ikipitisha mafuta kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mikono itashuka kidogo tu kisha isimame. Ikishuka mpaka chini, mafuta yanarudi kwenye tangi kupitia vali, na huko ndiko pa kuanzia. Dalili inayoelekeza zaidi kwenye sili za pistoni ni loda kukosa nguvu na kuinua polepole wakati pampu inafanya kazi vizuri kwenye vifaa vingine.

Baada ya kuhakikisha kwamba silinda ndiyo mgonjwa, fungua hosi paipu zake, ziwekee alama ili zisibadilishane, na uzibe ncha zote kwa vifuniko safi, kwa maana chembe moja ya mchanga ikiingia hapo itafanya kazi ya msasa ndani ya vali na pampu. Toa pini, ishushe silinda, mwaga mafuta yote kwa kuisukuma na kuivuta shafti kwa mkono, kisha ubane jicho la chini, lile tundu la pini, kwenye jiliwa (kibanio cha mezani). Bomba lenyewe la silinda lisibanwe, kwa sababu likibonyea hata kidogo pistoni haitapita tena sawasawa.

Kabla ya kufungua glandi, tambua imeshikwa na nini. Nyingine zimekazwa kwa nyuzi kama za skrubu na zinahitaji spana ya ndoano au ya pini, nyingine zimezuiwa na klipu ya duara iliyo ndani ya bomba, na nyingine zina waya wa chuma uliolala kwenye mfereji, ambao hutoka kupitia upenyo wa ubavuni glandi inapozungushwa. Tindo na nyundo huharibu glandi ambayo ilikuwa bado nzima. Ni hatari pia kuitoa pistoni kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa huruka kama risasi, na ni hatari zaidi kuipasha moto silinda iliyozibwa ambayo ina mafuta ndani.

Shafti ikishatoka, ipe muda. Pitisha ukucha kwa urefu wake wote. Mkwaruzo unaokamata ukucha, au vijitundu vya kutu, vitaichana sili yoyote utakayoweka. Mkwaruzo mwepesi unaweza kulainishwa kwa msasa namba 600 uliolowekwa mafuta, ukizungusha kufuata mduara wa shafti na si kwa urefu wake. Kutu iliyokwisha kula kromu haiondolewi kwa tupa wala kwa kukereza, kwa sababu tabaka la kromu ni jembamba mno. Fundi wa kukereza atatengeneza shafti mpya kutoka kwenye chuma kilichopakwa kromu kiwandani na kulehemu jicho la zamani. Kisha izungushe shafti juu ya kioo kinene na utazame mwanga unaopenya chini yake: ukipanuka na kupungua, shafti imepinda. Mulika pia ndani ya bomba, na uangalie kama bushi ya glandi, yaani pete inayoishikilia shafti, imelika kiasi cha kuiacha shafti icheze.

Piga picha ya kila sili kabla ya kuitoa, hasa mdomo wake unatazama upande gani. Ukienda kwenye maduka ya vipuri, kama yale ya mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na sili za zamani pamoja na vipimo vya shafti, bomba na mifereji ulivyovichukua kwa venia (kifaa cha kupimia unene na upana), kwa kuwa sili iliyotumika huwa imevimba au imesinyaa. Mashine nyingi za zamani za Uingereza na Marekani zina vipimo vya inchi, na inchi 2 ni milimita 50.8, kwa hiyo sili ya milimita 50 haifai hapo hata kama muuzaji anaapa kwamba itaingia.

Wakati wa kuunganisha, mdomo wa sili ya shafti hutazama ndani kwenye mafuta, na ule wa kifuta vumbi, ile sili ya nje inayozuia uchafu, hutazama nje. Pistoni yenye sili mbili za midomo huwa na midomo inayopeana mgongo, kila mmoja ukitazama mafuta ya upande wake. Pete ngumu ya kuegemea huwekwa nyuma ya oringi (pete ya mpira ya duara), upande usio na shinikizo. Paka mafuta safi ya haidroliki kila kitu, funika nyuzi za shafti kwa utepe, na usitumie bisibisi yenye ncha kali. Nati ya pistoni ikazwe kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha mashine, pamoja na gundi ya nyuzi, kwani ikilegea kazini huweza kuharibu bomba zima.

Ukirudisha silinda, washa injini kwa mwendo wa chini na uiendeshe polepole bila mzigo, ikitoka na kuingia mara kama 10, ili hewa irudi kwenye tangi. Usiipe mzigo mapema, kwa maana hewa iliyobanwa ghafla pamoja na mafuta huweza kuwaka na kuunguza sili mpya. Pima mafuta ya tangi ndoo ikiwa chini, ongeza yaliyopungua, tia grisi kwenye pini, kisha uitazame tena baada ya siku moja ya kazi. Utando mwembamba unaong'aa kwenye shafti ni wa kawaida, kwa kuwa ndio unaolainisha sili. Tone linalojikusanya na kudondoka si la kawaida, na likionekana, ichunguze tena shafti kabla ya kununua sili nyingine.