SOMO: Jinsi ya kuanzisha utaratibu wa watoto kupiga mswaki pamoja, kila mmoja na wake, shule ya msingi ya mtaani kwenu

Habari zenu wakuu. Kila tarehe 20 Machi, siku ya afya ya kinywa duniani, utaona watoto wamepangwa mstari wanaangaliwa meno, picha zinapigwa afu basi mpaka mwakani. Kuangaliwa sio vibaya ila meno yanaoza kila siku, kwahiyo na kinga lazima iwe ya kila siku. Uskochi wanapigisha watoto mswaki pamoja kwenye shule za awali, mpango wao unaitwa Childsmile, na hata hapa Dar inawezekana bila kusubiri mfadhili.

Kwanza mwoneni mwalimu mkuu, kamati ya shule na mtendaji wa mtaa. Anzeni na awali na darasa la kwanza tu, mkivamia shule nzima mtachoka mapema. Na umri huo ndo wenyewe, gego la kwanza la ukubwani linaota kwenye miaka 6 nyuma kabisa, mzazi anajua ni la utoto litang'oka tu kumbe ndo la maisha.

Pili, dawa ya meno. Soma boksi, iandikwe fluoride (floraidi) na namba kati ya 1000 na 1500 ppm, hicho ndo kipimo cha wingi wake. Mswaki mtupu unatoa uchafu tu, kinachokaza jino ni floraidi.

Tatu, hapa ndo watu wanaharibu. Usipitishe tyubu kwenye mswaki wa kila mtoto, mate yanahama. Mwalimu akamue vitone vya ukubwa wa njegere kwenye sahani safi, kimoja mbali na kingine, kila mtoto achote chake kwa mswaki wake wenye jina, wapige dakika mbili hivi, wateme, WASISUKUTUE. Ndio, wasisukutue, dawa ibaki kwenye meno. Tena kwa shule zetu za maji ya mgao hii ni nafuu, maji ni ya kuoshea miswaki tu. Mfuniko wa ndoo uliotobolewa matundu unatosha kuisimamisha, isigusane, ikauke kwa hewa. Usiifunike.

Nne, getini. Ubuyu wa rangi, pipi, barafu za juisi. Kinachomaliza jino zaidi ni kumung'unya kila saa, kila ukilamba sukari bakteria wanatoa asidi upya. Msiwafukuze wale kina mama, ndo riziki yao, kubalianeni waweke karanga, mahindi na ndizi mbele, pipi zikae pembeni.

MASWALI

Shikamoo dada, floraidi si ndo inaleta meno ya kahawia kama ya watu wa Arusha?
– Marahaba mdogo wangu. Yale yanatokana na maji ya kule kwenye miamba ya volkano, kama kule Maji ya Chai, mtoto anayanywa miaka yote meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi. Kitone cha njegere kinachotemwa ni kitu kingine. Chini ya miaka 3 weka kama punje ya mchele.

Gharama je? Darasa letu wapo 40.
– Kitone ni kama robo gramu, kwahiyo tyubu ya gramu 100 inatoa vitone 400. Wakipiga mara moja kwa siku ni siku 10 za shule, wiki mbili hizo. Mchango wa mzazi ni kidogo sana.

Mzee wangu anatumia mswaki wa mti na meno yake chuma, huo haufai?
– Unafaa sana kwa kusafisha, asiuache. Achovye na dawa yenye floraidi.

Walioshatoboka tuwafanyeje, wanaogopa ile mashine
– Waulizie kuziba kwa vifaa vya mkono, hakuna mashine inayolia. Njia hiyo ilianza kufanyiwa kazi hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

Samahani natoka nje ya mada, mwanangu ana miezi 5 anaharisha na homa, bibi yake anasema ni meno ya nailoni yatolewe
– Hujatoka nje mama, na USIKUBALI. Kile cheupe kwenye fizi wanachokiita meno ya nailoni ni jino la chonge linajijenga, wakilichokonoa mtoto anavuja damu, anaweza kupata maambukizi akafa, na hata akipona jino linaota bovu au halioti kabisa. Mpeleke zahanati leo hii usingoje kesho, na njiani endelea kumnyonyesha.