Ukifika Tunis, anza na Carthage

Ukitoka Bukavu ukafika Tunis na una siku mbili tu, usikimbilie mitaa ya zamani siku ya kwanza. Anza na magofu ya Carthage, kando ya bahari, kwa sababu Tunis ya zamani ilijengwa kwa mawe ya Carthage. Wafoinike wa Tiro waliianzisha, kwa mapokeo, mwaka 814 KK. Waroma wakaiteketeza mwaka 146 KK, baadaye wakaijenga upya. Waarabu walipoichukua mwaka 698, Tunis iliyokuwa jirani ndiyo ikakua, na katika karne ya 13 ikawa makao ya watawala wa Kihafsi.

Panda treni ya TGM (Tunis–La Goulette–La Marsa) pale Tunis Marine, mwisho wa Avenue Habib Bourguiba. Vituo sita vina jina la Carthage. Wewe shuka Carthage Hannibal. Wageni wengi hushuka Carthage Byrsa wakidhani ndipo penye kilima cha Byrsa, kumbe kituo hicho kiko karibu na bandari za kale. Ondoka asubuhi na mapema, ubebe lita moja na nusu ya maji na kofia, maana kivuli ni haba. Tiketi moja ya magofu hufungua milango kadhaa iliyotawanyika, kwa hiyo usiitupe baada ya mlango wa kwanza.

Juu ya Byrsa, tazama kwanza nyumba za Wakarthage kwenye mteremko. Waroma walisawazisha kilele na kumwaga kifusi juu ya nyumba hizo, na kifusi hicho ndicho kilichozihifadhi. Inama uone matangi ya maji yaliyochimbwa chini ya sakafu. Kando yake kuna kanisa kuu la Mtakatifu Louis, lililojengwa kati ya 1884 na 1890 na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, wale wale walioleta misioni huku kwetu Kivu. Alizikwa humo mwaka 1892, na mwaka 1964 mabaki yake yakahamishiwa Roma. Siku hizi jengo halitumiki kwa ibada. Mkatoliki asiondoke bila kufika kwenye uwanja wa michezo wa Kiroma, upande wa magharibi: Perpetua na Felisita, ambao majina yao husomwa katika Sala ya kwanza ya Ekaristi, waliuawa Carthage mwaka 203.

Kisha teremka hadi mabafu ya Antonino, ufukweni. Unachokiona ni ghorofa ya chini tu. Ya juu iliporomoka, na mawe yake yakabebwa kwa karne nyingi. Maji yalitoka Zaghouan kwa mfereji wa zaidi ya kilometa 100. Usielekeze kamera upande wa ikulu ya rais, iliyo jirani kabisa, walinzi hawacheki.

Siku ya pili ingia mji wa zamani kwa lango la Bab el Bhar, ufuate Rue Jamaa Ez Zitouna moja kwa moja hadi msikiti wa Zitouna. Asiye Mwislamu huishia uani, tena asubuhi tu, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa. Sasa angalia nguzo: vichwa vyake havifanani, kwa sababu nyingi zilitolewa Carthage. Nje yake tu kuna soko la manukato, El Attarine. Jumapili maduka mengi hufungwa. Mtu akikuita upande darini uone mji, jua kwamba ngazi hizo mara nyingi zinapitia kwenye duka la mazulia.

Kuhusu bei: dinari moja ina milimu 1000. Ukiona 12,500 kwenye kibandiko, ni dinari kumi na mbili na nusu, si elfu kumi na mbili kama franka zetu. Badilisha dola benki na utunze risiti, kwani dinari haziruhusiwi kutoka nchini na risiti ndiyo itakayokuwezesha kurudishiwa fedha za kigeni.

Muda ukibaki, panda metro namba 4 hadi jumba la makumbusho la Bardo ukaone mozaiki ya Virgil, mshairi wa Kiroma. Jumatatu hufungwa.