Somo: Kumfuatilia chiriku wa dhahabu wa Marekani, kuanzia makundi ya baridi hadi kiota cha Julai

Wenzetu wa Iowa na Ohio wanauliza kila mwaka: mbona Mei ndege wote wana makinda, ila chiriku wa dhahabu hana hata kiota? Anasubiri sufi, zile nyuzi laini za mbegu za mibigili. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa.

Hatua ya 1: Mjue hata rangi ikimtoka. Majira ya joto dume ni manjano iliyokolea, kipaji cheusi, mabawa meusi yenye mistari myeupe. Baridi ikiingia wote hufifia kuwa hudhurungi, na watu husema wamehama kumbe wako hapo hapo. Tazama mabawa, mistari ile haipotei. Hubadili manyoya ya mwili mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa baridi na mwishoni mwa majira ya joto.

Hatua ya 2: Jua nani kahama. Wa Kanada na majimbo ya kaskazini kabisa hushuka kusini kwa makundi, mchana, wengine hadi Florida na kaskazini mwa Meksiko. Majimbo ya kati utawaona mwaka mzima, lakini wa Januari huenda si wale wa Julai. Kwa hiyo andika tarehe na idadi, usiandike tu "yupo".

Hatua ya 3: Mlishe. Alizeti, au mbegu nyembamba nyeusi ziitwazo nyjer. Zao hili asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, ambako hukamuliwa mafuta ya kupikia. Zikiingia Marekani hupashwa moto ili zisiote. Nunua kidogo kidogo, zikikauka ndege huziacha.

Hatua ya 4: Usifyeke mapema. Hapa nawasihi sana. Sufi ya mibigili, na ya ile mimea ya utomvu mweupe inayoliwa na viwavi wa vipepeo, ndiyo godoro la kiota. Mbegu za mibigili ni chakula cha makinda. Panda mibigili ya asili ya Marekani, si ule mbigili wa Kanada unaovamia mashamba. Yadi ikifyekwa yote Juni, chiriku hana cha kusubiri.

Hatua ya 5: Mfuate jike. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Agosti, ukimwona amebeba sufi mdomoni, simama mbali umwangalie anakoingia. Kiota hukaa kwenye panda ya kichaka au mti mdogo. Jike hukijenga peke yake, kwa siku sita hivi, akikifunga kwa utando wa buibui, na kinaweza kusukwa kikabana hadi kikashika maji. Mayai ni 2 hadi 7, yenye weupe wa samawati. Huatamia siku 12 hadi 14, dume akimletea chakula. Usiguse, wala usisogeze matawi upate picha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimetundika kisanduku cha kutagia tangu Machi, hawaji.*
Hawatagi kwenye visanduku, dada. Acha kichaka chako kikue.

*Kuna yai kubwa lenye madoa ndani ya kiota. Nilitoe?*
Liache, kaka. Huenda ni la yule ndege mweusi anayetaga viotani mwa wenzake. Chiriku hulisha makinda mbegu, na kinda la mgeni linahitaji wadudu. Ni nadra kupita siku ya tatu. Kugusa kiota cha ndege wa porini pia ni kosa kisheria.

*Dume analisha makinda peke yake. Jike amekufa?*
Si lazima. Majike wazoefu wengine humwachia dume makinda yaliyokwisha ruka, kisha huenda kuzaa tena na dume mwingine.

*Mmoja macho yamevimba, anajisugua kwenye tawi.*
Ni maradhi ya macho, na huambukizana kwenye chombo cha chakula. Kishushe leo, kioshe kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, kisuuze, kikauke kabisa. Usikirudishe mpaka wagonjwa watawanyike. Zoa pia makapi yaliyodondoka chini, maana nako hula.