Boti asubuhi inawaka, mchana inagoma: tuisake hitilafu ya umeme hatua kwa hatua

Hitilafu inayokuja na kuondoka ndio inakula watu hela kuliko zote. Mashine ikifa moja kwa moja unaipata ndani ya nusu saa, ila hii ya leo inawaka kesho haiwaki, fundi akija inawaka vizuri akigeuza mgongo inagoma, hapo ndio mtu anaanza kununua vitu, betri mpya, stata mpya, swichi ya ufunguo mpya, na bado iko palepale. Mimi natengeneza mashine za boti huku Mafia, na msimu wa papa potwe ukianza mwezi wa 10 simu haziishi, maana boti inazimwa na kuwashwa mara kibao kwa siku, wageni wanaruka majini wanapanda, na kwenye kuwasha ndio ugonjwa unajitokeza.

Unachohitaji ni mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei rahisi, kipande cha waya, spana na msasa. Na mtu wa pili wa kushika ufunguo.

Kabla hujagusa kitu: fungua vifuniko upepo upite, mvuke wa petroli na cheche havikai nyumba moja. Gea iwe frii na pasiwe na mtu majini karibu na pangaboi.

1. Sikiliza kwanza

Usikimbilie mita. Zungusha ufunguo inapogoma na usikilize inasema nini, maana kila sauti ina mtaa wake. Ikiwa kimya kabisa, tatizo liko njia ya waya ndogo, yaani fyuzi, ufunguo, swichi ya gea (ile inayozuia mashine kuwaka ikiwa kwenye gea) au soketi. Ikipiga "tak" moja ikanyamaza, umeme mdogo umefika kwenye solenoidi, yaani swichi inayofungulia stata umeme, ila ule mkubwa wa kuzungusha stata haupiti. Ikipiga "tatatata" mara nyingi betri imelala, au terminali imelegea. Ikizunguka kivivu kama imelewa, nenda hatua ya 3. Na ikilia "wiii" bila kuzungusha mashine, hiyo stata inazunguka ila meno hayashiki, ni kazi ya kufungua stata na sio mada yetu leo.

Andika na wakati: inagoma ikiwa baridi au baada ya kutembea saa nzima? Baada ya mvua? Baada ya kupigwa na mawimbi? Nahodha anajua hivi vyote, hakuna anayemuuliza tu.

2. Betri

Pima ikiwa imepumzika saa kadhaa tangu chaji. Betri ya asidi iliyojaa inasoma kama volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 iko nusu, chini ya 12 ni tupu. Lakini namba hiyo peke yake inadanganya sana, betri mbovu inaweza kusoma 12.6 ikiwa imekaa tu, ukiipa mzigo inaanguka. Kwahiyo pima tena mwenzako akiwa anawasha. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, ichaji ijae urudie kipimo, ikishuka tena hiyo betri haifai.

Angalia na nati. Boti nyingi zina zile nati za masikio za kukaza kwa vidole, mtikisiko wa bahari unazilegeza kidogokidogo. Zitoe, weka nati ya kawaida kaza kwa spana. Ukifungua anza na waya wa negetivu, ukifunga huo uwe wa mwisho. Na usigeuze nyaya za betri hata kwa sekunde moja, utaunguza rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri.

3. Kipimo ambacho wengi hawakifanyi

Hapa ndio penyewe kwahiyo soma taratibu. Chomoa kamba ya usalama, ile anayojifunga nahodha, kwenye mashine nyingi stata itazunguka ila haitawaka. Weka mita kwenye volti. Ncha moja iguse nguzo ya pozitivu ya betri, nguzo yenyewe sio kishikio cha waya, ncha ya pili iguse bolti ya stata inapoingia waya mnene. Mwenzako azungushe ufunguo sekunde chache. Namba unayoiona ni volti zinazopotelea njiani. Ikiwa chini ya 0.5 shwari. Kisha hamia negetivu, kutoka nguzo ya betri mpaka kwenye chuma cha mashine, hapo isizidi 0.3.

Nikupe mfano. Kuna jamaa boti yake asubuhi inawaka mara moja, ikishapata moto kule kwenye papa inazunguka kivivu au inapiga tak tu. Ameshabadilisha betri mbili na stata. Nikamwambia hatupimi hapa ufukweni, twende ikagome ndio tupime. Tukatembea mpaka ikagoma. Betri wakati wa kuwasha ilisoma 12.2, yaani hata haijachoka, wakati kwenye stata zinafika 7 na kitu tu. Hapo unajua njia ndio inakula, maana betri yenye mzigo wa kweli lazima ishuke. Upande wa pozitivu 0.3, safi. Negetivu 4.8! Waya kwa nje mweusi mzuri kabisa, lagi yake, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya, inang'aa, ila nilipoupinda karibu na lagi ukavunjika kama biskuti. Nikachana gamba, ndani shaba imekuwa unga wa kijani, nyuzi zilizobaki nzima ni chache. Ikiwa baridi zinatosha kupitisha, zikipata moto zinazuia. Waya mmoja tu, na hela yote ile ilienda kwenye stata.

4. Ikiwa kimya kabisa

Shika ufunguo kwenye kuwasha huku unatikisa mkono wa gea kidogo pale kwenye frii. Ikiitika, umempata mwizi, ni swichi ya gea ndani ya kontroli au kebo ya gea inataka kurekebishwa. Isipoitika angalia fyuzi, na usiangalie tu kama imekatika, itoe uone miguu yake, ikiwa na kutu inashika inaachia. Halafu ile soketi kubwa inayounganisha mashine na waya za kwenye usukani, ichomoe, chungulia pini za kijani.

Bado? Chukua kipande cha waya, kutoka pozitivu gusa terminali ndogo ya solenoidi inayopokea amri ya ufunguo. Stata ikizunguka, waya wanene na stata ni wazima, ugonjwa uko kati ya ufunguo na hapo. Kwenye Yamaha amri hiyo inapita waya wa kahawia, nyekundu ni moto wa betri, ila kampuni nyingine zina rangi zao kwahiyo usikariri. Fuata waya huo na mita mmoja ameshika ufunguo, wewe tikisa kipande kwa kipande, mahali namba inaporuka ndio penyewe.

Stata isipozunguka hata ukigusa hivyo, na hatua ya 3 ilipita, sasa ndio unaruhusiwa kushuku solenoidi au stata.

5. Kutengeneza

Usifunge na soloteki ukasema tayari. Kata waya mpaka ukutane na shaba nyekundu safi, na kama kijani kimeingia ndani sana tupa wote. Tumia waya wa shaba iliyopakwa bati, bana lagi kwa koleo lake sio kwa nyundo, kisha mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Grisi inakuja baada ya kukaza.

Mwisho washa, pima betri mashine ikiunguruma juu kidogo ya sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, isome kati ya 13.8 na 14.5. Usichomoe betri ikiwa inaunguruma. Halafu rudi baharini, itembeze mpaka ipate moto, izime na uiwashe mara sita saba.

Yule jamaa stata yake ya kwanza niliipima, nzima kabisa. Iko kwenye kasha la boti hadi leo, anaiita spea.