Somo: Triathloni ukiwa na mguu unaouma

Mtu akiniuliza kisigino kinaendeleaje, humwambia asubiri kesho asubuhi. Jioni baada ya mazoezi mwili bado una joto na kila kitu kinaonekana sawa. Hatua ile ya kwanza kutoka kitandani kwenda mlangoni, kabla hata sijawasha taa, ndiyo inayosema kweli.

Ninakaa upande wa Entebbe, ni mwalimu wa sekondari. Kano la kisigino changu cha kushoto limetuna kama fundo la kamba ya kuanikia nguo. Ukilibana kwa vidole viwili utalisikia. Nimemaliza triathloni nne (kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) nikiwa nalo, na moja nilijitoa njiani. Ninayoijutia ni mojawapo ya zile nne. Niliikamilisha kwa ubishi, nikachechemea miezi minane, hadi wanafunzi wakawa wananiletea kiti bila kuombwa.

Somo hili ni la mwanamichezo wa ridhaa, mtu mwenye kazi na watoto, aliyejiandikisha mashindano mafupi (kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5), kisha mwili ukamgomea. Anayeenda masafa ya Olimpiki, yaani mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10, afuate haya haya, ila awe mkali zaidi kwa nafsi yake.

Hatua ya 1: Ujue unaumwa nini

Usianze na mazoezi. Anza na kidole. Pita nacho polepole juu ya ugoko, kifundo cha mguu, unyayo. Maumivu yaliyotandaa kwenye ugoko, marefu kama kiganja, kwa kawaida hutulia ukipunguza kukimbia. Ila ukipata nukta moja ndogo juu ya mfupa inayokufanya uruke, na usiku inauma umelala, na ukirukaruka kwa mguu huo mmoja inachoma, hapo acha kabisa. Huenda mfupa umepata ufa, na ukiendelea kukimbia nao mfupa unaweza kuvunjika. Ufa wa mfupa hauna mashindano.

Goti lililovimba, linalokwama au linalolegea ghafla ukishuka ngazi, nalo lionwe na daktari kwanza. Kano ni habari nyingine. Kano huuma ukianza, hupata joto likatulia, kisha hukudai kesho yake. Kwa kano unaweza kushindana, ukilijua.

Tafuta mtaalamu wa tiba ya viungo. Hospitali kubwa za rufaa zina idara hizo. Mimi nilianzia kliniki moja ya mtaani, nikachomwa sindano ya maumivu bila hata kuvuliwa kiatu. Nilitoka natembea vizuri, jioni nikakimbia kilomita nane. Kilomita hizo nane ndizo zilizonifanya niandike haya. Mtu asiyeushika mguu wako hawezi kukwambia una nini.

Hatua ya 2: Yape maumivu namba

Kuanzia 0 hadi 10. Sifuri huna kitu, kumi huwezi kusimama. Kati ya 0 na 3, endelea. Ikifika 4 au 5, punguza mwendo au umbali siku hiyo hiyo. Ikizidi hapo, vua viatu. Namba ya wakati wa mazoezi peke yake haitoshi: andika na ya kesho asubuhi. Kama ya asubuhi imepanda kuliko ya jana asubuhi, mazoezi yalizidi, hata kama wakati ule ulijisikia simba. Daftari la kawaida linatosha. Baada ya wiki tatu utaona mwenyewe kinachokuumiza, na mara nyingi sicho ulichokuwa unakilaumu.

Hatua ya 3: Hamisha kazi, usiifute

Hapa ndipo triathloni inapotupendelea sisi wenye majeraha. Mkimbiaji akiumia mguu anakaa. Sisi tuna maji na baiskeli. Moyo na mapafu havijui kama unakimbia au unanyonga baiskeli. Vinachojua ni kwamba vimefanya kazi. Kwa hiyo kama ulikuwa unakimbia mara nne kwa wiki, kimbia mara mbili, na zisifuatane. Siku nyingine mbili nenda bwawani ukimbie ndani ya maji marefu, umejifunga mkanda wa kuelea, miguu haigusi chini. Inachosha na haina raha, lakini itakufikisha.

Kwa kano la kisigino kuna zoezi moja ambalo sijapata la kulishinda. Simama ukingoni mwa ngazi, vidole vya mguu juu, visigino vikining'inia. Shika ukuta. Panda kwa miguu yote miwili, kisha uhamishie uzito kwenye mguu mgonjwa, ushuke polepole, ukihesabu moja mpaka tatu, hadi kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi. Panda tena kwa miwili. Mara 15, pumzika, mara 15, pumzika, mara 15. Kisha rudia yote goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Wiki mbili za mwanzo kano litalalamika, na hapo ndipo wengi huacha. Mimi huyafanya kwenye ngazi za nyuma ya ofisi ya walimu wakati chai inachemka. Kama maumivu yako yapo pale chini kabisa, kano linaposhikana na mfupa wa kisigino, usishuke chini ya usawa wa ngazi, ishia sambamba.

Hatua ya 4: Baiskeli ikufuate wewe

Magoti mengi hayana ugonjwa. Yana kiti kibaya. Kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha mguu mahali pake, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapofaa. Ukiumwa mbele ya goti, mara nyingi kiti kiko chini mno. Ukiumwa nyuma yake, kiko juu. Pandisha au shusha nusu sentimita, uendeshe siku tatu, ndipo uguse tena.

Mwenye kano la kisigino asogeze mguu mbele, pedali ikae karibu na katikati ya unyayo badala ya kwenye vidole. Shavu la mguu litapumzika. Kampala ni vilima juu ya vilima, basi tumia gia nyepesi ukipanda na uache sifa. Toka alfajiri, kabla boda na teksi hazijajaa barabarani. Kuna majeraha ambayo hayana mizani ya 0 hadi 10.

Hatua ya 5: Majini

Nalubaale, ziwa ambalo ramani zinaliita Victoria, liko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima. Kanuni za triathloni haziruhusu washindani wa ridhaa wa masafa haya kuvaa nguo ya mpira maji yakizidi nyuzi 22. Maana yake usitegemee nguo hiyo ikusaidie kuelea. Ukiwa na miguu isiyopiga vizuri, itazama na mabega yatabeba mzigo wote. Jifunze mapema kuogelea uso ukiwa chini na kiuno juu.

Mwenye bega bovu aangalie mkono unapoingia majini. Usitangulize kidole gumba, usivuke mstari wa kichwa. Viringisha mwili mzima kila unapovuta, na uzoee kuvuta pumzi pande zote mbili.

Na kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaokaa pwani penye majani, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Taulo si kinga ya kutegemea. Ingia mahali pasipo majani, usisimame kwenye tope, ukapime wiki sita hadi nane baadaye. Ukimeza dawa siku ile ile umekimbilia bure, kwa sababu prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga.

Hatua ya 6: Andika sharti la kujitoa

Kama huna muda wa kusoma kingine, soma hapa. Wiki moja kabla, ukiwa umekaa kwako na akili imetulia, andika ni kitu gani kitakutoa mashindanoni. Usiandike "nikiumia sana." Andika kitu ambacho hata mtu mwingine anaweza kukiona: "Nikianza kuchechemea na nikitembea dakika mbili sijaacha kuchechemea, natoka." Mpe karatasi hiyo mtu atakayesimama njiani, mkeo, mumeo, jirani. Kwenye kilomita ya tatu ya kukimbia hutakuwa na akili ya kuamua. Kuna watu wanapiga makofi, kuna yule wa ofisini kwenu mbele yako hatua ishirini. Atakayeamua ni wewe wa wiki iliyopita.

Tumelelewa kudhani bingwa ni yule asiyeacha. Mkimbiaji wetu wa Uganda, Joshua Cheptegei, alichukua dhahabu ya mita 10,000 Paris tarehe 2 Agosti 2024, kisha taji lake la Olimpiki la mita 5,000 hakulitetea. Kama yeye aliweza kuacha taji, sisi tunaogombania medali ya kumaliza tunashindwa nini?

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Amka mapema, tembea dakika kumi, panda ngazi. Kama namba ya asubuhi imezidi 3, usianze. Ukitoka majini usikimbie juu ya mawe peku, tembea. Kwenye eneo la kubadilishia kaa chini uvae viatu taratibu. Sekunde ishirini hizo hazina mwenyewe. Funga kofia ngumu kabla hujaigusa baiskeli, ni kanuni. Ukianza kukimbia, kilomita ya kwanza iwe ya polepole kuliko unavyotaka, hatua fupi na nyingi. Kama kawaida yako ni hatua 160 kwa dakika, jaribu 168 hadi 176. Goti hupata afueni. Kimbia dakika nne, tembea moja. Kutembea kunaruhusiwa, ni kutambaa tu kunakokatazwa.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Arua: Mwalimu, goti langu linauma upande wa ndani. Sijui mtindo huru, naogelea kama chura tu. Nitaruhusiwa?*

Mtindo wowote unaruhusiwa, ndugu yangu. Tatizo ni kwamba teke la chura linavuta upande huo huo wa ndani. Tumia mikono ya chura, miguu uipige juu na chini, au lala chali. Ukichoka unaweza kushika boya au mtumbwi wa waokoaji uliosimama upumue, mradi usisukumwe mbele.

*Kutoka Jinja: Mimi humeza diklofenaki mbili kabla ya kuanza na sisikii kitu. Kuna ubaya?*

Hilo la kutosikia ndilo baya lenyewe. Umezima kengele na moto unawaka. Tena dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Ongeza jua na jasho la saa mbili, unaziweka figo pabaya. Nakuomba sana, uache. Ikiwa huwezi kuanza bila dawa, hujawa tayari kuanza.

*Kutoka Kabale: Tunaogelea ziwa Bunyonyi. Kuna tofauti ya kujiandaa?*

Ipo. Huko mko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, pumzi itakuwa fupi kuliko Entebbe na asubuhi ni baridi. Pasha mabega joto nchi kavu dakika kumi nzima. Bega baridi ndilo linaloumia. Na ziwa lina kina kirefu, kwa hiyo usiende peke yako.

*Kutoka Bombo: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19. Nina nukta kwenye ugoko kama ulivyosema, na usiku inaniamsha. Mashindano ni wiki mbili zijazo na nimeshalipa. Nikimbie polepole?*

Marahaba mwanangu. Hapana. Usikimbie polepole, usikimbie haraka. Kesho nenda ukapigwe picha, na ujue kwamba ufa mchanga mara nyingine hauonekani kwenye picha ya kwanza, basi picha safi isikudanganye kama nukta bado ipo. Waandike waandaaji uwaulize kama unaweza kuingia kwa kupokezana, uogelee mwenzako akimbie, daktari akikubali. Ada imeenda, najua inauma. Niandikie ukishaonwa, nitasubiri.

*Kutoka Mukono: Ile uliyojitoa, ulijuaje kwamba wakati umefika?*

Sikujua. Mke wangu ndiye aliyekuwa na karatasi. Kilomita ya pili na nusu nilikuwa natembea, nikihesabu, nikajiambia dakika hazijafika mbili. Nilipofika aliposimama hakunipigia makofi wala hakusema kitu, aliifungua tu ile karatasi akaigeuzia kwangu. Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe. Nilivua chipu ya mguuni inayopima muda, nikampa ofisa wa karibu, tukaenda kukaa kivulini tukala rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Jumatatu niliingia darasani nikiandika ubaoni nimesimama, na wiki tatu baadaye nikaanza tena kukimbia, dakika kumi kumi.