Hifadhi kituko cha mtandaoni kabla hakijatoweka
Ukikuta kituko mtandaoni kikakuvunja mbavu, usitunze kiungo peke yake. Viungo hufa: mwenye tovuti akiacha kuilipia, kila kitu kinakwenda. Gusa sehemu ya anwani kwenye kivinjari, andika web.archive.org/save/ mwanzoni kabisa, kabla ya https, kisha bonyeza kitufe cha kwenda. Internet Archive, maktaba ya kidijitali isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, itaunakili ukurasa kwenye kompyuta zake na kukupa kiungo kipya chenye tarehe na saa ndani yake. Hicho ndicho cha kutunza na kuwatumia wenzako. Mimi naithamini zaidi hiyo tarehe, maana hata mwenyewe akiufuta au kuubadilisha ukurasa kesho, utaonekana ulivyokuwa siku ile. Kurasa zinazodai nywila hazinakiliki, baadhi ya tovuti huzuia, na video mara nyingi hazichezi, kwa hiyo fungua nakala uihakiki papo hapo. Ikigoma, piga picha ya skrini. Nakala ya Internet Archive huonekana na yeyote, basi usiweke humo mambo ya faragha ya mtu.